Udongo Tuliouongeza Juu ya Handaki

Watu wakisikia nilikuwa vitani huniuliza kuhusu risasi. Mimi huwaeleza kuhusu soksi. Siwakwepi. Katika miezi tisa niliyokaa kwenye mahandaki, siku nilizofyatua bunduki ni chache, lakini soksi nilizivua, nikazikamua na kuzivaa tena mbichi kila siku. Mwili unakumbuka kilichorudiwa. Kwa hiyo nikieleza vita, naeleza ya kila siku kwanza, na mengine yatafuata yenyewe.

Ninaandika hapa nyumbani Mungaa, kwa sababu kuna jambo moja nililokuwa nalo la kumwambia mama mmoja wa Manyoni, na nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kwenda. Mwanawe alikuwa mwenzangu wa chumba kule. Alirudi kwenye jeneza lenye bendera. Mama yake aliambiwa kwamba mwanawe alifariki kazini, handaki likaporomoka kwa mvua. Ni kweli, ila si yote. Yaliyobaki nilikuwa nayo mimi.

Nieleze taratibu, ili hata asiyewahi kuona handaki aelewe.

Handaki ni mtaro wenye kina cha mtu mzima. Letu lilikuwa juu ya kilima katika nchi jirani tulikopelekwa kulinda amani, na ng'ambo ya bonde walikuwapo waasi. Mtaro hauchimbwi ukanyooka, unapindapinda, ili bomu likiangukia sehemu moja lisiwafagie wote. Upana wake ni wa watu wawili kupishana kwa ubavu. Kwenye ukuta wa mbele kuna kidaraja cha udongo cha kusimamia unapotazama nje. Kwenye ukuta wa nyuma tulichimba vyumba vidogo, kila kimoja cha watu wawili, na juu ya kila chumba tukaweka paa. Humo ndimo tulimolala.

Siku ilianza kabla hakujapambazuka. Kila mtu alisimama kwenye nafasi yake, silaha mkononi, bila kusema, mpaka kuwe kweupe. Kisha nusu yetu walisafisha silaha na nusu wakatazama nje, halafu tukabadilishana. Baada ya hapo ilikuwa chai. Wawili wanateremka njia ya nyuma ya kilima hadi jikoni, wanapanda na madumu. Baada ya chai ni ukarabati, na huo hauna mwisho. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Kuta zilimomonyoka, tukazirudisha kwa viroba vya mchanga. Maji yalijaa chini, tukayachota kwa makopo. Unachota, unamwaga nje, yanarudi. Mchana ni ugali na maharage, Jumapili dagaa. Jioni tunasimama tena kwenye nafasi zetu mpaka giza liingie, kisha zamu za ulinzi.

Mabomu yalikuja siku mbili kwa wiki, au tatu. Mwezi wa kwanza niliinama kila nikisikia. Mwezi wa pili nikajikuta nimeacha. Koplo wetu, mtu wa Tanga mwenye sauti nyembamba, alinivuta mkanda.

"Wewe! Shingo yako ya akiba iko wapi?"

"Sina, afande."

"Basi hiyo moja uitunze. Inama."

Nikainama. Lakini sikusikia kitu ndani yangu. Wengine huita hali hiyo ujasiri, na ningependa vijana wanaosoma hapa wajue kwamba haukuwa ujasiri. Ni kama mikono iliyofua nguo kwenye maji ya baridi tangu asubuhi. Unaiona inakamua, lakini huisikii. Ni ganzi tu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa Mgogo wa Manyoni, amekulia karibu na reli. Tulipokutana tu na kujua kwamba wote ni watu wa mkoa mmoja, utani ukaanza na haukuisha.

"Ninyi Wanyaturu, kuku kwenu mnawafuga au mnawaabudu?" aliniuliza siku ya kwanza, mbele ya watu.

"Sisi tunawafuga. Ninyi mnakuja kuwaomba."

"Nikiomba napewa. Wewe una sura ya mtu aliyewahi kunyimwa."

Seksheni nzima ikacheka. Alikuwa na simu, na palikuwa na jiwe moja nyuma ya kilima ambapo mtandao ulishika. Akipata nafasi alisimama juu ya lile jiwe, akampigia mama yake. Aliwahi kunipiga picha nimeshika sepetu, akamtumia. "Huyu ndiye Mnyaturu wangu," alimwandikia.

Sasa nije kwenye paa.

Babu yangu aliishi kwenye tembe. Wasiolijua, ni nyumba fupi ya udongo, na paa lake ni bapa. Unapanga magogo, juu yake fito, juu ya fito majani, halafu udongo wa kichuguu unaokanyagwa mpaka unakuwa mgumu kama sakafu. Bibi alianika mtama juu yake. Nyumba ina joto wakati wa upepo na baridi wakati wa jua. Kila mwaka kabla ya masika, watoto tulipandishwa juu kukanyaga udongo mpya kwenye nyufa. Nilikuwa mzuri wa kukanyaga. Babu alinisifu mbele ya wenzangu, na mtoto hasahau sifa ya namna hiyo.

Koplo alipotugawia turubai, kila chumba moja, alitoa maelekezo: magogo manene, juu yake viroba, juu ya viroba turubai, halafu udongo kidogo wa kulifunika. Paa liinamie nyuma ili maji yateremke. Mimi nikamwambia mwenzangu turubai likizikwa litatoboka, ni hasara. Tulitundike mlangoni, lizuie mvua ya upepo. Paa tutalipiga la tembe.

"Wewe ndiye fundi," alisema. Yeye alizaliwa kwenye nyumba ya bati.

Tulikata miti ya pale bondeni, tukapanga, tukaweka fito na majani, tukapandisha udongo na kuukanyaga siku mbili. Lilikuwa paa zuri. Koplo alipita, akaligonga kwa buti.

"Limekaa kama sakafu," akasema, na akaendelea na safari yake, maana alikuwa anahangaika na chumba kingine kilichojaa maji. Majirani wawili wakaja kuniuliza, na mimi nikawaelekeza kwa furaha, hatua kwa hatua. Nao wakatundika turubai zao mlangoni.

Wiki ya pili paa likavuja. Nyumbani tembe likivuja unaongeza udongo. Tukaongeza, tukakanyaga. Likatulia siku nne, likavuja tena. Tukaongeza. Nyumbani mvua inanyesha, inakata, jua linakausha udongo na paa linarudi kuwa jepesi. Kule jua halikupata nafasi. Udongo wa kule ni mwekundu, unakunywa maji na kukaa nayo. Haya nayasema sasa vizuri sana. Wakati ule nilichoona ni tone la maji, na mikono yangu ilijua dawa ya tone la maji.

Siku moja alasiri tulikuwa tumelala chali, mvua iko nje. Mwenzangu akasema, "Mnyaturu, hili gogo la katikati limeanza kututazama."

Nikatazama. Lilikuwa limepinda kidogo, kama mgongo wa mtu aliyebeba.

"Magogo mabichi ndivyo yalivyo," nikasema. "Yanapinda, halafu yanakaa. Lala bwana."

"Likishuka nitasema ni Mnyaturu ameniangukia."

"Lala."

Akalala. Siku mbili baadaye tone likaanza juu ya kichwa chake, na tukapandisha udongo kwa mara ya tano.

Siku lilipoanguka hapakuwa na bomu, wala siku iliyotangulia. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa ametoka zamu ya mwisho ya ulinzi, kwa hiyo baada ya kupambazuka akaingia ndani alale kidogo. Mimi ilikuwa zamu yangu ya chai. Nikiwa jikoni nilisikia kishindo kifupi kutoka juu, kama gunia lililoshushwa kwenye lori. Sikugeuka. Nilijaza madumu mawili, nikafunga vifuniko, nikapanda.

Nilipofika watu walikuwa wanachimba kwa sepetu na kwa kofia za chuma. Nikaweka madumu chini, nikachimba nao. Tulimfikia upesi, lakini gogo la katikati lilikuwa kifuani. Wakambeba kwa machela kupitia njia ile ile niliyotoka nayo. Mimi nikabaki. Mtu akasema chai inapoa. Nikamimina, nikanywa ya kwangu, halafu nikanywa ya kwake. Kisha nikachukua kopo nikaenda kuchota maji, maana ilikuwa saa ya kuchota maji.

Jioni koplo akasimamia kubomolewa kwa paa za majirani wawili, na turubai zikarudi mahali pake. Akanijia.

"Sikiliza, kijana. Si wewe. Ni mvua."

"Ndiyo, afande."

"Na mimi nililiona. Nililigonga."

"Ndiyo, afande."

Ripoti ikaandikwa mvua. Nilikaa pale miezi mitano zaidi, na soksi niliendelea kuzikamua.

Niliporudi Mungaa mama yangu alinichinjia kuku, na watu wakaja kunipa mkono. Nilikula. Nilicheka walipocheka. Wiki ya tatu nikamwambia baba nataka kwenda Manyoni.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia kuhusu paa."

"Wameshaambiwa mvua."

"Ndiyo, baba."

Baba akatoka nje. Asubuhi nilipokuwa nafunga begi alikuja na jogoo amefungwa miguu. "Huendi mikono mitupu," akasema.

Nilipanda basi Ikungi. Nyumba haikuwa ngumu kupata. Ukisema yule kijana askari, watu wanakuonyesha kwa kidole. Mama alikuwa ameketi kivulini kwa ukuta, anapepeta karanga. Alinitazama kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ndiye Mnyaturu."

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Jogoo mweke pale, afunguliwe miguu."

Nikakaa kwenye kigoda. Akaendelea kupepeta. Niliogopa angelia, lakini aliuliza tu.

"Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, mama. Ugali na maharage."

"Alikuwa akikohoa usiku tangu mtoto. Kule alikohoa?"

"Alikohoa kidogo. Aliacha mwezi wa tatu."

"Aliniambia ameacha. Nikadhani ananidanganya."

Nikaona nikisubiri zaidi nitaondoka bila kusema. Nikamwambia lile paa nilikuwa nimelijenga mimi. Nikaeleza turubai, nikaeleza tembe la babu, nikaeleza udongo. Mikono yake ikasimama kwenye ungo, kisha ikaendelea, polepole.

"Magogo ya mti gani?"

"Jina lake silijui. Mti wa kule, mwepesi."

"Mabichi?"

"Mabichi."

"Mlikanyaga?"

"Tulikanyaga siku mbili."

"Na mavi ya ng'ombe?"

"Ng'ombe hawakuwepo, mama."

"Mvua?"

"Kila siku."

"Kila siku," alirudia. "Na mkaongeza udongo."

"Tukaongeza."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

Aliweka ungo chini. "Mimi nimezaliwa kwenye tembe," akasema. "Mwaka wa mvua nyingi baba alitutoa wote tukalala nje chini ya miti, tukaloa. Alisema heri kuloa." Akatazama mikono yangu. "Babu yako hakukuambia hilo?"

"Sijui. Labda mwaka huo ulikuwa haujafika."

Alimwita kaka yake aliyekuwa anachonga mpini nyuma ya nyumba. Mjomba wa marehemu, mtu mrefu mwenye koti. Nikamwamkia. Mama akasema, "Msikilize huyu. Wewe, anza upya."

Nikaanza upya. Mjomba alisikiliza akiwa amesimama, mpini mkononi, na nilipomaliza akauliza unene wa magogo, nami nikamwonyesha kwa viganja. Kisha akaja jirani, mama mzee mwenye kanga ya kanisani, kuazima kinu, akakalishwa naye. Nikaeleza mara ya tatu. Lazima niseme ukweli: nilikuwa naeleza vizuri zaidi kila mara. Nilichukua kijiti, nikachora handaki mavumbini, mtaro unaopindapinda, chumba, paa. Yule mama mzee aliitikia kwa kichwa, akaelewa yote. Hata mimi nilijisikiliza kama naeleza kazi ya mtu mwingine.

Karibu saa tisa akafika dada mkubwa wa marehemu, anayefanya kazi ya kushona sokoni, futi ya kupimia bado iko shingoni. Nikaeleza mara ya nne. Yeye akauliza swali ambalo wengine hawakuuliza.

"Na yeye hakuliona? Macho alikuwa nayo."

Kijiti kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema hakuliona. Ingeaminika, maana paa la tembe huanguka bila kupiga hodi, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Aliliona," nikasema. "Alisema gogo la katikati limeanza kututazama. Aliniambia kabla hatujaongeza udongo wa mwisho."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia magogo mabichi ndivyo yalivyo. Nikamwambia alale."

"Akalala."

"Akalala. Aliniita fundi. Aliniamini."

Jogoo alikuwa amefunguliwa, anachakura karanga zilizodondoka, na hakuna aliyemfukuza. Mjomba akaweka mpini ukutani, akatoka kuelekea relini, akasimama huko ametupa mgongo.

"Hilo hukuniambia mimi," mama akasema.

"Sikukuambia, mama."

"Umesimulia mara nne nakusikia. Hukulisema."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari, na kwa kweli ingekuwa nafuu. Ningeshika begi, ningewahi basi la jioni, na jambo lingekuwa limekwisha kwa namna fulani. Dada alikuwa anavuta futi yake kwa mikono miwili, anaivuta na kuilegeza.

"Sasa rudia," mama akasema. "Tangu mwanzo. Na hilo liwemo, mahali pake."

"Mama," dada akasema, "mwache basi."

"Nyamaza wewe. Nataka kulisikia mahali pake."

Nikarudia. Nilipofika alasiri ile ya mvua sauti yangu ilikuwa ile ile, haikupanda wala kushuka, na mdomo ulitoa maneno yake na yangu, moja baada ya jingine, pamoja na ule utani wa Mnyaturu kumwangukia. Hapo mama alitoa sauti puani. Sikujua kama ni kicheko.

"Ndivyo alivyokuwa," akamwambia dada. "Hata akiumwa, mzaha." Kisha akanigeukia. "Baba yake yuko Itigi, amekwenda kurina asali. Anarudi kesho. Utamweleza hivyo hivyo. Usipunguze."

"Nilikuwa nirudi leo, mama."

"Utarudi kesho kutwa. Utalala chumba cha uani."

Dada akasimama, akachukua begi langu, akaliingiza ndani. Hakunitazama, lakini alilibeba kwa mikono miwili.

Baba yake alifika kesho yake saa nne asubuhi, mtu mfupi mwenye nta kwenye kucha. Mama alikuwa ameshaweka vigoda viwili vinatazamana, yeye akakaa pembeni yetu na mjomba akasimama mlangoni. Nikasimama, nikampa shikamoo, akaitikia, tukaketi. Akasema ameambiwa nina maneno.

"Ndiyo, baba," nikasema, na nikaanza na turubai.